Fungua Begi la Mwanao

  

Ndugu zangu Waislamu, tangu katikati ya Februari 2023 baraza ya msikiti huu haikuwa na mazungumzo mengine. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kwamba vitabu 16 vimepigwa marufuku katika shule zetu, za serikali na za binafsi, kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili na mila zetu. Orodha ikaingia kwenye simu. Magrupu ya familia, ya harusi, ya mpira, kote ikawa ni orodha hiyo. Watu wamekuja juu. Nimeletewa mara nyingi, na kila anayeileta ananitaka nipande mimbari niwalaani waliovileta vitabu vile nchini.

Sitawalaani leo. Hao wana Mola wao atakayewauliza. Mimi nina jambo na ninyi.

Katika maneno aliyoyasema waziri siku zile liko moja ambalo sikuona mtu akilisambaza. Aliwataka wazazi wakague mabegi ya watoto wao. Litazameni vizuri neno hilo. Dola nzima, yenye bunge, mahakama na majeshi, inasimama mbele ya waandishi wa habari kumwambia baba wa nyumba: fungua begi la mwanao utazame kilichomo. Wallahi nilitahayari. Na aibu ile haijatutoka usoni, mwanzoni mwa Machi ukatoka waraka mwingine, wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Watoto ambao meno ya utoto bado yanawang'oka! Siwasemi wenye dhiki, mama anayelea peke yake na kazi yake ni ya zamu za usiku, au anayeishi mahali pasipo na shule karibu. Namsema mwenye nyumba ya vyumba vinne na gari uani, aliyempeleka mtoto wa miaka sita bweni kwa sababu, kama mmoja wao alivyoniambia bila haya, "Sheikh, nyumba inatulia." Inatulia! Kaburi nalo limetulia.

Mara mbili ndani ya mwezi mmoja serikali imetukumbusha kwamba watoto ni wetu. Na sisi tumeshughulika kuwatafuta maadui.

Aya mnaijua, katika Surat At-Tahrim, aya ya sita, pale walioamini wanapoamrishwa wajikinge wao na watu wao na Moto. Amri ile imeelekezwa kwa mwenye nyumba. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, akamtaja mwanamume kwa watu wa nyumba yake na mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake. Mwalimu ataulizwa ya darasa lake, waziri ataulizwa ya wizara yake. La kwako hataulizwa mwingine.

Mnajua kukagua, msiniambie hamjui. Nawaona asubuhi sokoni. Baba anamwinua samaki, anamfunua shavu atazame kama bado jekundu, anambonyeza tumbo, anamnusa, anamrudisha, anahama meza. Kwa kitu kitakacholiwa mchana na jioni kikasahaulika. Kitabu kitakachokaa katika kifua cha mwanawe miaka hamsini kinanunuliwa na mtu asiyemjua, kinachaguliwa na mtu asiyemjua, na yeye hata jalada lake hajaligusa.

Hebu niwahadithie, na mhusika nimemwomba ruhusa, jina simtaji. Alinifuata baada ya swala ya Isha akiwa na simu mkononi, ile orodha imewaka. Nimemjua tangu akiwa mtoto wa chuo, juzuu ya Amma aliisoma mbele yangu. Akasema, "Sheikh, hawa watu wanatumalizia watoto, lazima tusimame." Nikamwambia sawa, tutasimama. Nikamuuliza, mwanao yule wa pili, anayependa kukaa safu ya nyuma, siku hizi anasoma nini? Akanijibu, "Yuko darasa la sita." Nikamwambia sikukuuliza darasa. Akasema, "Anasoma masomo yote, Sheikh, na Kiingereza yuko vizuri sana." Nikamwambia, muite.

Mtoto akaja. "Shikamoo babu." Marahaba, mjukuu wangu. Unasoma kitabu gani cha hadithi siku hizi? Akamtazama baba yake kwanza, nami nikamwambia asiogope. Basi, subhanallah, mtoto yule ambaye darasani kwangu hutoa jibu la neno moja, alifunguka. Akaeleza habari ya kijana wa Kimarekani anayeandika shajara yake, kakaye anavyomwonea, rafiki yake mnene mpole anavyodanganywa, na michoro iliyomo, akaichora hewani kwa kidole. Mwadhini alizima feni zote, akazima na taa za mbele, mtoto bado anasimulia. Alikuwa amekiazima kwa mwenzake wa darasani. Baba yake alisikiliza akiwa wima, simu imezimika mkononi. Mtoto alipokwenda kuvaa viatu, yule bwana akanivuta pembeni, na hakuniuliza habari ya kitabu. Aliniuliza, "Huyu kajifunza lini kuzungumza hivi?"

Miaka kumi na mmoja analala chini ya dari yake.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja katika mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, wa Jeff Kinney, Mmarekani, ambao cha kwanza kilitoka mwaka 2007. Nao umo katika orodha ya wizara. Nikakiazima kwa mtoto nikakisoma, kwa kuwa siwezi kulifanya mwenyewe kosa nililokuwa nikitaka kumrudi nalo mwenzangu. Nitawaambia nilichokiona. Mtoto yule wa kwenye hadithi ni mvivu, mwongo, anamtumia rafiki yake na kumwacha ashikwe yeye, na muda wote anajiona ndiye mwerevu peke yake duniani. Mtu mzima akisoma anajua kwamba mwandishi anamcheka kijana huyo. Mtoto wa miaka minane hajui. Yeye anacheka pamoja na mwongo, na anayechekwa ni mpole. Hapo ndipo palipo na sumu, kwangu mimi, na wizara ikisema kisiwe shuleni mimi sina ugomvi nayo. Vilivyobaki katika orodha vimo vya aina nyingine kabisa, vya mambo ya jinsia ambayo Uislamu umekwisha kuyakata, na hivyo sina haja ya kuvisemea hapa.

Lakini nilipofika kwenye habari za baba na mama wa kijana yule nikakiweka chini kitabu kwa muda. Wazazi wake wapo. Si wabaya. Wanampenda, wana mipango naye, wanamsukuma afanye hiki na kile. Ila mambo mengi yanayopita katika maisha yake hawayajui, na ndiyo maana uongo wake unapita. Tumekikasirikia kitabu cha Marekani, na ndani yake tumo sisi wa Tanga, na Temeke, na Likoni.

Mtanisamehe, ndugu zangu, nitalirudia mpaka liwachoshe. Kosa letu halikuanzia kwenye vitabu 16. Lilianza pale tulipoacha kujua mtoto anacheka nini.

Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, mtoto mdogo tu, na mtoto huyo alikuwa na kindege akichezea. Mtume wa Allah akiingia nyumbani kwao alikuwa akimuuliza mtoto habari ya kindege chake. Hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, na maulamaa wametoa ndani yake mafunzo mengi ya fiqhi. Mimi nataka moja tu. Mtu aliyekuwa akipokea wahyi, anayeongoza majeshi na kupokea wajumbe wa makabila, alikuwa anajua kwamba katika nyumba fulani ya Madina kuna mtoto mwenye kindege. Wewe una shughuli gani kubwa kuliko hiyo? Na Ibn Abbas, alipofundishwa maneno yale makubwa ya kumhifadhi Allah ili Allah akuhifadhi, alikuwa kijana mdogo aliyepandishwa nyuma ya Mtume juu ya mnyama, wanakwenda njia moja. Elimu ile ilitolewa safarini, mtu na mtoto. Sisi tunapakia watoto kwenye gari asubuhi, tunawasha redio ya uchambuzi wa mpira, tunawashusha getini. Foleni ya nusu saa, hakuna neno.

Na mtoto akitaka kuzungumza tunampa simu. Hili nalo litazameni. Kitabu kibaya angalau kina kurasa, kinaisha. Katuni za kwenye simu haziishi, moja ikimalizika nyingine inajileta yenyewe, na mtoto wa miaka minne haziteui, anateuliwa. Nimewaona wazazi waliokasirikia orodha ya wizara wakiwa wamewakabidhi watoto wao simu hapohapo barazani ili wapate nafasi ya kukasirika vizuri.

Wako wanaosema, Sheikh, mimi Kiingereza sikijui, nitakikaguaje kitabu cha mwanangu? Na yuko mama aliyeniambia hata kusoma kwenyewe hajui. Kwa hao nina habari ya bibi mmoja wa Pangani, ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Hakujua herufi za kizungu hata moja. Qur'ani aliisoma kwa kuhifadhi, sura fupi fupi. Alikuwa anakaa na wajukuu ambao wazazi wao walikuwa kazini Dar es Salaam. Kila jioni, baada ya Magharibi, wakati anapepeta mchele au anachambua mchicha, mmoja wao lazima amsomee. Chochote kile, kitabu cha shule, gazeti lililofungiwa sukari, kitabu cha Kiingereza akitafsiri mwenyewe. Naye haachi kitu kipite. "Ngoja hapo. Huyo mtoto kamjibu mamaye hivyo? Na mama akafanyaje? Akacheka? Aa, wewe ungejibuje?" Mtoto anajieleza. "Haya, endelea." Akifika pengine: "Huyo mfalme kampata wapi huyo mke, walioana?" Mtoto anatazama, kitabu hakisemi. "Basi hicho kitabu kina mambo ya kuficha, kesho umrudishie mwenyewe, niletee kingine." Mmoja wa wajukuu wale leo ni mwalimu wa sekondari, na ndiye aliyenipa habari hii. Anasema kwamba mpaka leo akisoma peke yake husikia sauti ya bibi ikimwambia, ngoja hapo.

Bibi yule hakuwa na kiyoyozi wala digrii ya malezi. Alikuwa na masikio, na alikuwepo. Wewe mwenye shahada ukutani utamjibu nini Mola wako?

Sasa mtaniuliza, basi kitabu kizuri ni kipi? Wengi mnadhani ni kile kisichokuwa na mtu mbaya ndani yake. Si hivyo. Mwenyezi Mungu katika Surat Yusuf, aya ya tatu, anasema anamsimulia Mtume wake simulizi iliyo nzuri kuliko zote. Tazameni kilichomo katika simulizi hiyo. Mna ndugu waliotaka kumuua ndugu yao, kanzu iliyopakwa damu ya uongo, mtoto aliyeuzwa, mwanamke aliyefunga milango, mtu asiye na hatia akatiwa gerezani. Maovu yamo. Lakini hakuna ovu hata moja lililopambwa, na msomaji hatoki pale akitamani kuwa mmoja wa wale ndugu. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Mtoto akifunga kitabu hiki, anatamani kuwa nani? Anamcheka nani? Anamwonea huruma nani? Na uongo wa mtu wa kwenye hadithi umemfikisha wapi? Ukiyajua hayo umekijua kitabu, hata kama jalada lina picha ya msikiti.

Nimesema picha ya msikiti kwa makusudi. Nje ya misikiti yetu siku ya Ijumaa vinauzwa vijitabu vya watoto vya dini, na sisi tunanunua macho yamefumbwa kwa kuwa bismillahi imeandikwa juu. Nimevipitia baadhi. Vingine ni vizuri, Allah awalipe waandishi. Vingine, ndugu zangu, ni adhabu ya kaburi kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, nyoka, rungu na moto, na mnampa mtoto wa miaka saba asome kabla ya kulala. Hadithi zake hazina asili, Kiswahili chake kimekatikakatika, herufi hazisomeki. Halafu mnashangaa mtoto akikua anaikimbia dini na kuikimbilia hadithi ya yule kijana mvivu wa Marekani, ambaye angalau anamchekesha. Mtoto anayemjua Mola wake kwa nyoka tu hamjamfundisha Mola wake. Ar-Rahman mmempeleka wapi?

Na hadithi zetu wenyewe nani amezikataza? Nimemsikia mhubiri mmoja akisema hadithi za Sungura ni haramu kwa kuwa Sungura ni mlaghai. Sikukubaliana naye na sikubaliani naye mpaka leo. Babu akimsimulia mjukuu hadithi ya Sungura na Fisi, mjukuu yuko ubavuni, atauliza, na babu atajibu. Abunuwasi na sufuria aliloliazima, likazaa na kufa, aliyemshughulikia alikuwa mwenye tamaa aliyekubali kwamba sufuria huzaa. Mweleze mtoto hilo, utaona macho yake. Ukimpa asome peke yake chumbani atatoka na ujanja wa kumdanganya jirani. Maneno ni yale yale.

Waliotutangulia walifika mbali kuliko kuchagua. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia. Wako leo wanaobishana naye katika mambo aliyomwusia ya mume na nyumba, na wabishane. Lakini alikuwa mgonjwa kitandani na hakusema shule itamfundisha. Na hapa hapa kwetu Tanga, mzaliwa wa Vibambani, Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe akabaki na watoto, alimtungia binti utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili. Alikuwa karani, mtu wa mshahara, ana ofisi ya kwenda asubuhi na wakubwa wa kikoloni juu yake. Siwaambii mtunge tenzi. Nawaambia msome ukurasa mmoja.

Ramadhani imetukaribia, Shaabani yenyewe ndiyo inamalizikia. Tayari nasikia bei za tende na vitambaa vya kanzu za Idi zinajadiliwa. Hakuna mtoto hapa atakayekosa kanzu, najua, mtakopa. Katika nyumba nyingi ninazoingia, kitabu kilichopo ni msahafu uliofungwa kitambaani juu ya kabati, na kalenda. Umma ulioanziwa kwa amri ya kusoma! Na wengine mmeniahidi, na mmewaahidi watoto, kwamba mtawanunulia vitabu wakifanya vizuri mtihani. Kumbukeni yule mama aliyemwita mwanawe, Abdullah bin Amir, njoo nikupe kitu. Mtume alimuuliza alitaka kumpa nini, akasema tende, naye akamwambia kwamba asingempa kitu angeandikiwa uongo. Tende moja. Mnazo ahadi ngapi kwa watoto wenu zimelala?

Ewe Mola, tusamehe tulivyowapuuza, utupe macho ya kuwaona kabla hawajawa watu wazima wasiotuhitaji.

Sasa la mwisho. Chuo chetu kimepata kabati la vitabu vya watoto, Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na watu wa kheri wameanza kuleta. Tumekubaliana kwamba hakiwekwi kitabu mpaka mzazi mmoja akisome chote na aandike kwenye daftari mistari michache, kinafaa umri gani na kwa nini. Mtoto akiazima, mzazi ndiye anayetia sahihi, na akirudisha, mzazi anaulizwa swali moja juu ya kilichomo. Ndiyo, mtaulizwa ninyi. Jumamosi baada ya Alasiri ndiyo saa ya kusoma. Wasomaji waliojiandikisha mpaka sasa ni kina mama watupu, na mzee mmoja dereva mstaafu wa malori anayesoma kwa miwani ya kuazima. Kina baba, daftari liko kwa mwadhini, pembeni ya kabati la viatu. Kalamu nimeifunga kwa uzi pale pale, msije mkaniambia hamkuikuta.